Pikapu: tairi kwanza, kimo baadaye

Wiki hii nimeamua maswali ya pikapu yapewe siku yao maana yamejazana kama matatu ya saa mbili asubuhi, na karibu yote yanaanza na neno moja tu, kuinua. Sijui nani alituroga na kimo hapa Nairobi, mtu akinunua pikapu leo kesho anataka aangalie madereva wa basi macho kwa macho. Mimi si injinia, mnijue mapema. Ni mtu ameharibu pikapu mbili kwa mikono yake mwenyewe na ushauri wa marafiki, ya tatu ndio tunaheshimiana kidogo. Najibu vile ningejibu tukiwa tumesimama gereji tukingoja chai.

Niko na Hilux Revo dabo kabini, ilikuja na 265/65R17. Nataka kuweka 285/70R17 na fundi anasema zitaingia bila kuinua gari. Ni ukweli ama ananiuzia? (Ruaka)

Zitaingia, hajakudanganya. Shida si kuingia, shida ni kukata kona. Fundi anapiga jeki, anafunga tairi, gari imesimama kwa simiti haina mtu ndani, anapitisha vidole vitatu kati ya tairi na madgadi anakwambia si umeona bosi. Umelipa, umetoka, unafika bampu ya kwanza ukiwa umekata steringi mwisho, kwaruuu! Sasa hiyo sauti utaishi nayo.

Hebu tuhesabu, haina uchawi. Ile namba ya kwanza, 265, ni upana wa tairi kwa milimita, 65 ni kimo cha ukuta wa tairi kwa asilimia ya huo upana, 17 ni inchi za rimu. So ukuta ni 265 mara 0.65, karibu milimita 172, unauhesabu mara mbili kwa sababu uko juu na uko chini, unajumlisha rimu ya milimita 432, unapata tairi ya milimita 776 kutoka chini hadi juu. Fanya hiyo hiyo kwa 285/70R17 unapata 831. Umeongeza milimita 55, lakini kumbuka difu, ile boksi ya gia katikati ya ekseli, iko usawa wa katikati ya tairi si juu yake, kwa hivyo chini ya difu umepata nusu tu, 27 hivi. Hapo ndio watu hushtuka, walidhani wamenunua inchi mbili kumbe wamenunua moja.

Kwa Revo hiyo saizi itakwaruza mbele, kwa ile plastiki ya ndani ya madgadi, kwa raba ya kuzuia matope, na mbaya zaidi pale nyuma ya tairi ambapo bodi imefungwa kwa chesisi. Hiyo ya mwisho ni chuma, si plastiki ya kupinda na moto. Na usidhani kuinua gari kutaiondoa, maana ukikata kona tairi inarudi nyuma kuelekea hicho chuma hata gari ingekuwa juu ya mti, wengi huishia kukata hicho chuma na kuchomelea tena, kazi ambayo sitaki ifanywe na mtu anayewelda mageti ya ploti.

Mimi ningeweka 265/70R17. Hiyo ni milimita 803, umepata 13 chini ya difu, inakaa bila kukata kitu na gari bado inasukuma. Hata spea ujue lazima iingie pale chini ya bodi, na ile 285 nenda uipime kabla ujipate na tairi tano na nafasi ya nne. Halafu uzito. Tairi nene ya kazi ya saizi hiyo inaweza kuwa kilo sita au saba juu ya ile yako ya sasa, kila moja, na hiyo kilo iko pale inazunguka, injini lazima iianzishe na breki lazima iisimamishe. Kama yako ni ile ya dizeli ya 2.4, panda kutoka Mai Mahiu kurudi Limuru na tairi kubwa ndio utajua sikukuonea wivu.

Hiyo ya tairi kubwa, ni kweli spidi mita inaanza kudanganya? (Imara Daima)

Ndio, na inadanganya upande mbaya. Tairi ikiwa kubwa inatembea mbali zaidi kwa mzunguko mmoja, lakini gari haijui umebadilisha. Kutoka 776 kwenda 803 ni kama asilimia 3.4, so ukisoma 100 unakimbia kama 103. Kutoka 776 kwenda 831 ni asilimia 7, ukisoma 100 uko 107, na yule afisa na kamera yake pale kando ya barabara hatasoma dashibodi yako. Hata zile kilomita zako zinahesabiwa pungufu, so mtu anakwambia gari imeanza kula mafuta sana kumbe nusu ya hiyo hasara ni hesabu tu. Nusu ingine ni ya kweli, pole.

Mimi ni mama mboga wa jumla, natoa mzigo Wangige napeleka Marikiti na D-Max singo kabini. Nikijaza, nyuma inakaa chini kabisa. Fundi anasema aniwekee shakoli ndefu gari iinuke. Nifanye? (Wangige)

Mama, hapana. Na nitakueleza polepole kwa sababu hili ndio swali muhimu kuliko yote ya leo, haya mengine ni ya watu wa kujionyesha wikendi.

Shakoli ni kile kikono kinachoshika mkia wa springi kwa chesisi. Ukiweka ndefu, gari inainuka ikiwa tupu, ndio, lakini springi ni ile ile, vyuma ni vile vile, havijapata nguvu hata ya gunia moja. Ukijaza itashuka tu vile ilikuwa inashuka, sema inaanzia juu zaidi. Ni kama kuvaa viatu vya kisigino ndio ubebe mtungi mkubwa zaidi. Tena ukiwa na vikono virefu gari inaanza kuyumba mkia kwa kona, na mzigo wa mboga uko juu, si unajua vile unapanga hadi juu ya kebini.

Kuna wengine watakwambia wakuwekee kibao kati ya ekseli na springi. Kuna vibao vya chuma vya kiwanda vya nyuma na havina neno vikifungwa na yubolti mpya za urefu wake. Lakini nimeona kwa macho yangu kipande cha mbao, mbao ya mti, kimefungwa hapo na gari inabeba simiti. Mbao inakauka, inapasuka, siku hiyo ekseli inatembea peke yake. Ukiona fundi anatafuta mbao, chukua funguo zako.

Kitu kinachosaidia ni kuongeza chuma kimoja kwa springi, ama kubadilisha seti nzima kwa ile ya mzigo mkubwa, pamoja na shokabu za kuendana nayo. Ubaya wake ujue: ukirudi tupu kutoka soko gari itaruka ruka kwa bampu kama mbuzi na mgongo wako utasikia. Lakini wewe unarudi tupu nusu ya safari na kwenda umejaa nusu, kwa hivyo ni biashara ya sawa.

Sasa mambo mawili ambayo hakuna mtu atakuambia. Moja, pikapu nyingi ziko na kavalvu kadogo kwa chesisi juu ya ekseli ya nyuma, kenye kijiti kinachoshuka hadi kwa ekseli. Kazi yake ni kupima gari imeshuka kiasi gani, ikishuka inajua kuna mzigo inapatia breki za nyuma nguvu, ikiinuka inajua ni tupu inazipunguza. Ukiinua nyuma bila kurekebisha hicho kijiti, gari itafikiri iko tupu na wewe umebeba tani, breki za nyuma zinalala, za mbele zinafanya kazi yote. Mwambie fundi akuonyeshe kama yako inayo, na kama iko, airekebishe mbele yako. Mbili, hata ukiweka springi za lori, chesisi, breki, beringi na ekseli bado ni za pikapu, na uzito ulioandikwa kwa ile pleti ya gari haubadiliki. Springi ngumu haikupi ruhusa ya kubeba zaidi, inakusaidia kubeba ile ile vizuri.

Na angalia tairi zako. Kando ya saizi kuna namba kama 107 au 112, hiyo ni kipimo cha mzigo. 107 ni kilo 975 kwa tairi moja, 112 ni kilo 1,120, 121 ni kilo 1,450. Ukienda kununua tairi usikubali namba iliyo chini ya ile gari ilikuja nayo hata kama sura ni nzuri na bei imeshuka.

Naishi Kitengela ndani ndani, mvua ikinyesha ile barabara yetu ni blakikotoni mtupu. Niweke AT ama MT? (Kitengela)

Dada yangu, nakujua bila kukuona, wewe ndio ule mtu anaacha gari kwa steji mwezi wa nne anavaa gambuti.

MT ni zile tairi za meno makubwa, za matope. AT ni za katikati, lami na murram. Kila mtu anakwambia matope ni MT na si uongo, yale meno yako mbali mbali ndio matope yatoke tairi ikizunguka. Lakini blakikotoni, ule udongo mweusi, si matope ya kawaida, ni gundi. Inashika tairi, inajaza meno, ndani ya mita ishirini MT yako na AT ya jirani na tairi ya baiskeli zote zinafanana, mviringo mweusi. Kinachookoa hapo ni kuendelea kutembea bila kukanyaga mafuta kama mwenda wazimu, na kupunguza upepo wa tairi. Shuka hadi kama psi 20, hata 18 kama tairi ni nzuri, tairi inalala inakuwa na unyayo mrefu. Endesha polepole, usikate kona kwa nguvu tairi isije ikatoka kwa rimu, na ukifika lami jaza tena kabla hujashika Namanga Road. Pampu ndogo ya umeme ya kuchomeka kwa betri na geji ya maana vitakusaidia kuliko seti mpya ya MT, niamini.

Na hesabu siku zako. Kilomita ngapi ni matope na ngapi ni lami? Kama kila siku unakuja tauni na kurudi, MT itakulilia masikioni kama posho mill, itaisha haraka, na kwa lami iliyolowa itashika vibaya kuliko AT maana mpira unaogusa barabara ni kidogo. Mimi ningekuwa wewe ningeweka AT yenye ukuta mgumu na nibaki na pesa ya pampu. Kama una shamba huko ndani na lami unaiona Jumapili tu, hapo sawa, MT, hata mimi ningeweka.

Wale wa Magadi Road chini ya Kiserian nao wanajua kitu kingine, huko si matope ni mawe makali, na mawe yanakata ukuta wa tairi, na ukuta hauzibiki na mtu wa pancha. Hapo unene wa ukuta ndio swali, meno hata hayaingii.

Nataka rimu za sport inchi 20 za Navara yangu. Kuna kijana Grogan ako na seti safi sana zilitoka kwa Hilux, anasema pikapu zote za nati sita ni moja. (South B)

Huyo kijana si mwizi, ni vile tu hajapima. Hilux, D-Max, Ranger na L200 ziko na nati sita kwa duara ya milimita 139.7. Navara yako ya nati sita iko kwa duara ya 114.3. Haziwezi kukaa, kwisha. Akikwambia ataongeza matundu, mwambie ni sawa halafu utembee ukielekea Ngara usiangalie nyuma.

Ngoja nikuongezee na hata wale wa 139.7 wasikie. Tundu la katikati ya rimu nalo linatofautiana, Hilux ni milimita 106.1, Ranger ni 93.1, L200 ni 67.1. Ukichukua rimu ya Hilux ukaweka kwa L200 nati zinashika lakini katikati kuna pengo, rimu inashikwa na nati peke yake, ukifika 90 steringi inatetemeka na wewe unarudisha gari kwa balansi mara tatu ukigombana na mtu wa balansi bure. Kuna ringi za kujaza hilo pengo, ni kitu rahisi, nunua. Kinyume chake, rimu yenye tundu dogo kwa gari ya tundu kubwa haiingii kabisa, so angalau hiyo haitakudanganya.

Halafu nati zenyewe. Rimu za aloi za Toyota zilizotoka kiwandani kwa Hilux nyingi zinatumia nati yenye washa bapa, zile za dukani zinataka nati ya koni. Ukichanganya unaweza kufikiri umekaza, kumbe nati imegusa rimu kwa ncha tu. Rimu mpya, nati zake. Na ukishazifunga tembea kilomita hamsini hivi, simama, kaza tena. Tairi ikikupita kwa Mombasa Road huwezi kuikimbiza.

Ofseti sasa, hii ndio ile namba imeandikwa ET ndani ya rimu. Inaonyesha uso wa kufungia uko mbali kiasi gani na katikati ya rimu. Ukitoka ET30 uende ET0 umesukuma tairi nje milimita 30 kila upande. Inapendeza, nakubali, gari inasimama miguu wazi kama mwanamieleka. Lakini beringi sasa inabebeshwa mzigo kwa mkono mrefu, steringi inavutwa na kila shimo, tairi inatoka nje ya madgadi inapaka mlango matope na kurushia mtu wa bodaboda mawe. Spesa za kusukuma rimu nje zinafanya kitu kile kile. Kama ni lazima utoe nje kidogo, kaa ndani ya milimita 15 au 20 na uishi kwa amani.

Na inchi 20 kwa barabara za South B? Ukuta wa tairi utakuwa mwembamba, shimo likiuma linauma rimu. Lakini ni gari yako, mimi si baba yako.

Niliinua Hilux Vigo yangu ya fo-bai-fo mwaka jana kwa gereji moja. Waliweka spesa ya sentimita 4 juu ya shokabu za mbele. Sasa raba za CV jointi zimepasuka mara mbili, nikikata kona inalia tok tok, na kwa haiwei lazima nishike steringi kama nachunga ng'ombe. Shida ni nini? (Ruiru)

Shida ni hesabu, na si wewe wa kwanza. Umeweka sentimita 4 ukafikiri umeinua 4. Kwa mbele ya hiyo gari shokabu haijafungwa kwa tairi, imefungwa karibu na katikati ya mkono wa chini, kwa hivyo ukisukuma pale juu kidogo, huko mwisho wa mkono tairi inashuka karibu mara mbili. Spesa ya sentimita 4 ni gari imeinuka 7 au 8. Inchi tatu, kaka. Na gereji iliyokuwekea ama haikujua ama ilijua ikanyamaza, sijui gani ni mbaya zaidi.

Sasa fuata kutoka hapo. Difu ya mbele imebaki juu na bodi, tairi zimeshuka, ule mti unaotoka difu kwenda tairi sasa umelala mteremko mkali. CV jointi, ile jointi ya mwisho wa huo mti, inazunguka ikiwa imekunjwa siku nzima hata ukienda moja kwa moja, mikunjo ya raba inasuguana hadi inapasuka, grisi inarushwa nje, vumbi inaingia, vumbi na chuma ni msasa, tok tok. Kila raba mpya utakayoweka itakufa kifo hicho hicho. Angalia pia boljointi za juu, zile jointi za mviringo zinazoshika mikono ya mbele kwa upande wa tairi, na kama ukipita shimo unasikia mbele inagonga ikifunguka, hiyo ni shokabu imefika mwisho wa urefu wake kwa sababu spesa imekula nafasi yake yote ya kushuka.

Ya steringi ni alainmenti. Ukiinua mbele, ule mwinamo unaofanya steringi irudi katikati yenyewe unapungua, gari inaanza kutafuta njia yake. Mtu wa alainmenti anaweza kurekebisha mpaka bolti zake zimefika mwisho, kwa inchi tatu mara nyingi zinafika mwisho kabla hajamaliza, halafu anakwambia iko karibu sawa. Hakuna karibu sawa. Hapo wengine hununua mikono ya juu ya kurekebishika, inasaidia steringi lakini mti wa CV bado umelala.

Ningefanya hivi: toa hizo spesa, weka springi na shokabu zilizotengenezwa pamoja za kuinua milimita 40, mwisho kabisa 50. Old Man Emu, Ironman, Tough Dog, zote ni za Australia na ziko kwa soko, kuna za Thailand pia, muhimu ni springi na shokabu ziwe zinajuana na uchague springi kulingana na uzito wa mbele. Bampa ya chuma na winchi ni springi ingine, mbele tupu ni ingine, na ukikosea hapo gari inainuka sana tena. Kuna vipande vya kushusha difu kidogo ndio mti unyooke, ni sawa kwa 50, lakini visitumike kuficha dhambi ya inchi tatu. CV jointi inayolia tayari badilisha. Ile haijaanza kulia osha, weka raba na grisi mpya haraka, labda utaiokoa.

Baada ya hapo: alainmenti, angalia brekipaipu na waya za ABS hazivutwi tairi zikining'inia kwa jeki, halafu shusha taa. Watu wanainua mbele wanasahau taa, wanatuchoma macho Southern Bypass usiku mzima na wanashangaa kwa nini tunawapigia ful.

Tairi za mtumba za AT ni sawa? Kuna mahali nimeona bei nusu. (Kariobangi)

Meno yanaweza kuwa mazuri na mpira umekufa. Tafuta neno DOT kwa ukuta, mwishoni kuna namba nne, mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka. 2319 ni wiki ya 23 ya 2019. Kama upande huo hakuna namba nne, iko upande wa pili. Mimi tairi ya miaka zaidi ya sita sibebi hata kama bado ina nywele. Pinda ukuta na uangalie nyufa, pitisha mkono ndani utafute kiraka cha ukubwa wa kiganja. Na ziwe saizi moja zote nne, kwa gari ya fo-bai-fo kuchanganya saizi mbele na nyuma halafu uweke gia ya magurudumu manne kwa lami ni kutafuta kuvunja kitu.

Polisi na NTSA, ile mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, wanasemaje? Nikiinua nitashikwa? (Rongai)

Pikapu kama iko kwa logbuku kama gari ya biashara inaenda ukaguzi kila mwaka, hapa Nairobi wengi wetu tunaijua ile ya Likoni Road huko Industrial Area. Wanapima breki kwa mashini, wanaangalia taa zinaelekea wapi, wanatikisa tairi kutafuta beringi na boljointi zilizolegea. Sasa soma tena hiyo orodha halafu usome lile jibu la Ruiru. Gari iliyoinuliwa vibaya haianguki ukaguzi kwa sababu ya kimo, inaanguka kwa zile takataka kimo kimeleta. Tairi ziwe ndani ya madgadi, zisiguse kitu, na chochote kilichochomelewa kwa steringi au kwa mikono ya mbele usijaribu kuwapelekea.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni bima. Ukibadilisha springi na saizi ya tairi waandikie, barua pepe, na uweke jibu lao. Simu haitoshi. Siku ya ajali mtu wa kuassess atakuja na kalamu yake na kazi yake ni kutafuta kitu hukusema.

Nina Isuzu TFR ya zamani, ya shamba Ngong na safari za Suswa mara moja moja. Pesa ni kidogo. Nianze wapi? Kijana wangu anasema zile toshonba za mbele zinakazwa tu bolti na gari inainuka bure. (Ngong)

Mzee wangu, kijana wako ni mimi wa miaka ile.

Nilikuwa na TFR, nikasikia hiyo ya bolti. Toshonba ni ule mti wa chuma mrefu unaojipinda badala ya springi, na ukweli una bolti ya kurekebisha, ukikaza mbele inapanda. Nilikaza Jumamosi mchana, haikunigharimu hata shilingi, nikasimama mbali nikaipiga picha. Jumapili tukaenda Suswa. Kila shimo mbele ilikuwa inagonga tang! kwa sababu mikono ilikuwa tayari imefika chini kabisa, haikuwa na mahali pa kushuka tena. Tukarudi na boljointi moja imelegea na abiria wawili ambao mpaka leo wakialikwa safari wananiuliza kwanza ni gari gani. Ile bolti iko pale ya kurudisha gari kimo chake cha kawaida chuma kikichoka na umri, basi. Kama mbele yako imelala upande mmoja, isawazishe, upate alainmenti, uiache.

Pesa ikiwa kidogo anza na kilichochoka. Bushi za mikono na za springi za nyuma, shokabu nne mpya za kawaida, TFR ya zamani ikipata bushi na shokabu inainuka yenyewe kidogo na utadhani umenunua ingine. Halafu tairi nne za AT za saizi yake, labda hatua moja juu kama inaingia bila kugusa. Zile gari unaziona zikipanda mawe Rhino Charge, yale mashindano yaliyoanza 1989 kuchangia uzio wa Aberdare, zisikutie tamaa, nyingi zinabebwa na lori kufika huko na kurudi, wewe yako lazima ikurudishe Ngong na maziwa hayajamwagika.

Geji ya upepo, pampu ndogo, kamba nzuri ya kuvuta yenye mahali pa kuifunga kwa chesisi si kwa bampa. Na kijana mpe kazi ya kupaka grisi zile nipo zote, vile vichuchu vya kuingizia grisi, kila mwezi, TFR iko nazo nyingi, atatosheka.